Wiki 12 za mtulinga uliovunjika: kumbukumbu za matembezi yetu Jinja

Kurasa nane za mwanzo za daftari hili zinahusu baiskeli. Zimejaa safari zangu za Jumamosi kutoka Walukuba hadi Buwenge na kurudi, muda niliotumia, hali ya upepo na pesa nilizomlipa fundi kwa spoki zilizokatika. Kuanzia ukurasa wa tisa habari inabadilika kabisa, na sehemu hiyo ndiyo ninayoinakili hapa kwa kuisafisha kidogo, kwa sababu watu kadhaa wanaopanda baiskeli hapa mjini Jinja, Uganda, wameniuliza niliwezaje kukaa miezi mitatu bila kuketi kwenye tandiko na bila kunenepa.

Ajali yenyewe ilitokea Jumamosi ya pili ya Februari, yapata saa moja na nusu asubuhi, nikirudi mjini kwa barabara ya Kamuli. Taksi iliyokuwa ikilipita lori ilinijia uso kwa uso, nami nikaona heri nitoke barabarani. Ukingo wa lami mahali hapo uko juu ya ardhi kwa kimo cha kiganja. Gurudumu la mbele liliporomoka, likazama katika changarawe, na mimi nikaangukia bega la kushoto. Kofia ngumu ilipasuka upande mmoja. Niliitupa siku iyo hiyo, kwa maana kofia iliyokwisha kupokea pigo moja haifai kuaminiwa kwa pigo la pili. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mtulinga wa kushoto umevunjika katikati, mahali ambapo mfupa huo huvunjika mara nyingi zaidi, na kwa bahati vipande vyake havikuwa vimeachana sana, hivyo sikuhitaji upasuaji.

Maagizo ya daktari yalikuwa mafupi. Mkono ukae katika kitambaa kilichofungwa shingoni kwa wiki 6. Nisibebe kitu kizito wala kuinua kiwiko juu ya usawa wa bega. Nisipande baiskeli barabarani kabla ya wiki 12 kutimia. Hata hivyo vidole, kifundo cha mkono na kiwiko vilipaswa kuchezeshwa tangu siku za mwanzo ili visikakamae, na miguu, alisema, haina sababu yoyote ya kulala kitandani.

Wiki ya 1 na ya 2

Usiku ulikuwa mgumu kuliko mchana. Kulala chali kulilivuta bega, kwa hiyo nililala nusu nimeketi, nikiwa nimeegemea mito mitatu na gunia la nguo kuukuu ambalo mke wangu alilishindilia nyuma ya mgongo wangu. Mchana nilitembea katika vichochoro vya mtaa wetu, dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Walukuba ni mtaa wa nyumba za wafanyakazi uliojengwa zamani ili kuwapa makazi watu wa viwandani waliotoka kila pembe, na ndiyo maana Kiswahili kinasikika kila mlango. Sikuweza kupita nyumba tano bila kusimamishwa, kupewa pole na kuombwa nisimulie upya. Dakika 10 zikawa 25, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nimesimama.

Ni katika siku hizo nilipogundua jambo ambalo limeongoza kumbukumbu hizi zote. Nilikuwa nimepanga kuongeza urefu wa matembezi kidogo kidogo, kama mwendesha baiskeli anavyoongeza kilomita. Lakini miguu haikuwa na shida. Kilichonitisha ni jiwe dogo nililojikwaa karibu na bomba la maji, ambapo mkono uliofungwa ulijaribu kuchomoka peke yake ili kunidaka, na maumivu yakapanda kutoka 3 hadi 8 kwa kipimo changu cha 0 hadi 10. Mtu aliyefungwa mkono mmoja hana mizani yake ya kawaida. Tangu siku hiyo nikaacha kuuliza njia ina urefu gani, nikawa nauliza ni rahisi kiasi gani kujikwaa humo. Safu ya daftari iliyokuwa ya kilomita nikaifanya ya hali ya ardhi: lami kavu, lami yenye mashimo, changarawe, udongo mkavu, udongo uliolowa.

Wiki ya 3

Tulianza kutoka familia nzima. Tuko watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 10, kitindamimba wa miaka 4, na mama yangu, ambaye watoto humwita jaja na ambaye magoti yake yamemzoeza kutembea kwa fimbo. Jioni tulikwenda Nile Crescent, kando ya uwanja wa gofu, ambako lami ni nzuri, magari ni machache na miti mikubwa inatoa kivuli. Mtoto wa miaka 4 na mama mwenye magoti mabovu wana mwendo mmoja, na mwendo huo ndio hasa niliouhitaji, ijapokuwa siku ya kwanza nilikuwa nikiwatangulia na kuwasubiri kwa uso ambao mke wangu aliusema vibaya.

Tatizo lilikuwa mtoto. Amezoea kushika mkono wangu na kuuvuta, na akichoka anataka kubebwa. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, lakini kila mvuto wake ulipita kifuani na kufika kwenye mfupa. Mke wangu alipata dawa: alifunga leso kwenye mkanda wangu upande wa kulia, akampa mtoto ncha yake aishike. Mvuto ukaenda kiunoni. Mtoto aliupenda mpango huo kwa sababu aliweza kunifanya ng'ombe, na Jaja alicheka mpaka akatafuta mahali pa kuketi.

Makorongo wakubwa wenye vichwa vya upara, hao ambao watu wa hapa huwaita kaloli, walikuwa juu ya miti kila jioni. Binti yangu aliamua kuwahesabu. Idadi yao iko daftarini kwa mwandiko wake, na siithibitishi.

Wiki ya 4

Jumapili tulikwenda kwenye chanzo cha mto Nile, upande wa mjini. Tulikwenda kwa gari la jirani, kwani bodaboda niliikataa kabisa: abiria wa pikipiki anahitaji mikono miwili, na kila shimo humfikia begani. Hata garini kuna la kujifunza. Anayeketi mbele kushoto, mkanda wa usalama humpita juu ya bega la kushoto, yaani juu kabisa ya mtulinga wangu. Nikaketi nyuma ya dereva, ambako mkanda hupita bega la kulia.

Watoto walitaka mtumbwi. Nilikataa kupanda, kwa sababu kuingia katika chombo kinachoyumba ni kujikwaa kulikopangwa, lakini mke wangu na binti yetu walivaa jaketi za kuokolea wakaenda. Sisi watatu tulibaki ukingoni, nami nikamweleza Jaja kwamba maporomoko ya Ripon, ambayo Speke, mpelelezi Mwingereza, aliyaona mwaka 1862, hayaonekani tena kwa kuwa yalizama baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, kukamilika mwaka 1954. Alinijibu kwamba bwawa hilo analifahamu kunizidi mimi, maana baba yake aliwahi kufanya kibarua pale.

Binti alirudi na habari ya mwendesha mtumbwi, kwamba maji yanayotoka hapa huchukua kama miezi mitatu kufika Bahari ya Mediterania. Akahesabu kwa vidole, akaniambia, "Baba, basi maji uliyoanguka nayo yako Sudani." Sikujua niyapongeze au niyaonee wivu.

Mtoto mdogo alitaka kuingiza miguu majini. Hilo tulilikataa pia, si kwa ajili ya bega langu bali kwa ajili ya kichocho, kwani konokono wanaokieneza hupenda kukaa kando ya ziwa penye majani. Dakika 50, lami na ngazi chache, maumivu ya usiku huo 3.

Wiki ya 5

Mvua za masika zilianza. Udongo mwekundu ulipolowa, vichochoro vyetu viligeuka sabuni, nami nikabaki barazani siku nne nikichezesha kiwiko na kugombana na kila mtu.

Wiki ya 6

Picha ya pili ilionyesha mfupa mpya umeanza kuunganisha vipande, ukiwa kama fundo juu ya mtulinga; fundo hilo ninalipapasa hata sasa. Kitambaa kilitolewa. Nilidhani huo ndio uhuru, kumbe ndipo kazi ilipoanza, kwa sababu bega lilikuwa limekakamaa na mkono umekonda. Mtaalamu wa viungo alinifundisha kuinama nikishika meza kwa mkono mzima, kuuacha ule mgonjwa uning'inie na kuuzungusha taratibu kwa duara dogo, kisha kutambaza vidole ukutani kama mjusi, kila siku juu kidogo kuliko jana. Binti yangu aliweka alama za chaki ukutani. Mama mwenye nyumba hajaziona bado.

Wiki ya 7

Kilima cha Mpumudde, taratibu, siku kavu. Kupanda kulikuwa rahisi. Kushuka ndiko kulikonihitaji niangalie kila hatua, nikiwa nimeazima fimbo ya pili ya Jaja. Hapo ndipo Omukama Kabalega wa Bunyoro alipofariki Aprili 1923, akiwa njiani kurejea kwao baada ya miaka mingi ya uhamisho visiwani Ushelisheli, na jina la mahali hupewa maana ya "nimepumzika". Jaja alipolisikia jina hilo likifafanuliwa aliketi palepale chini ya mti. "Hata mfalme alipumzika hapa, mwanangu, sembuse mimi na magoti haya." Ikawa ndiyo kilele chetu, ingawa kilima kilikuwa bado kinaendelea.

Wiki ya 9

Hapa lazima niandike kosa langu. Nilikuwa nimewaahidi watoto msitu wa Mabira tangu Januari, na bega lilikuwa likinipa maumivu 1 tu kwa siku nyingi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kwa kanuni niliyojiwekea mwenyewe, njia ya msituni yenye mizizi, majani yaliyolowa na udongo wa mfinyanzi ilikuwa mwisho kabisa wa orodha. Mke wangu alinikumbusha. Nikamjibu kwamba nimepona.

Msitu ulikuwa wa kupendeza, siwezi kukataa. Hondohondo walipita juu yetu kwa kishindo cha mbawa, na mwongozaji alituonyesha kima wenye mikia myekundu wakirukaruka juu kabisa, mahali ambapo shingo yangu, iliyozoea kuinama juu ya usukani, ilikataa kutazama kwa muda mrefu. Tulikuwa tumetembea dakika 40 nilipokanyaga mzizi. Mguu ulikwenda mbele, mwili ukabaki nyuma. Mkono wa kulia ulidaka shina la mti mchanga, lakini ule wa kushoto nao ulirushwa juu, mbali kupita alama yoyote ya chaki iliyoko ukutani, nami nikasikia kitu begani kama kamba inayokatika.

Hakuna aliyesema neno. Mtoto mdogo, ambaye wiki zile zote alikuwa ameshika ncha ya leso kwa kunitania, aliishika tena na akaanza kuniongoza kurudi, akinionyesha kila mzizi kwa kidole: "Baba, huu. Baba, na huu." Mke wangu alingoja mpaka tulipofika Najjembe, tukanunua kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kando ya barabara kuu, ndipo akasema alichokuwa nacho. Sikiandiki.

Mfupa haukudhurika, ilikuwa misuli iliyokakamaa, ndiyo iliyovutwa ghafla. Maumivu 6 usiku huo, 4 kesho yake, na siku tano za kurudi nyuma katika mazoezi ya ukutani.

Wiki ya 10 na ya 11

Lami kavu tu. Nile Crescent mara sita. Vidole vimefika alama ya juu kabisa ya chaki, isipokuwa asubuhi kabla ya chai. Fundi amenyoosha rimu ya mbele, amebadilisha kebo za breki na kuinua usukani kwa kiasi cha vidole viwili ili nisilielemee bega. Baiskeli imesimama sebuleni, na kila anayepita anaipiga kengele.

Wiki ya 12

Daktari ameruhusu, kwa sharti la barabara tulivu na umbali mfupi. Leo Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilipanda baiskeli Nile Crescent, binti yangu akiwa mbele yangu kwenye ile yake ndogo. Mikono ilitetemeka kidogo penye kona ya kwanza, na kila ukingo wa lami niliuona ukubwa wake. Tulikubaliana kwamba yeye ndiye atakayeamua mwendo na mahali pa kusimama, naye alisimama mara tatu kuhesabu kaloli.

Kilomita 2.4, lami kavu, maumivu 1. Jaja na kitindamimba walioondoka kwa miguu pamoja nasi, na ambao walikatiza kwenye nyasi kandokando ya uwanja wa gofu, walitangulia kufika.