Nilivyoifanya dari ya besimenti ikafanana na ngama ya jahazi

Dari ya besimenti yangu ilikuwa aibu. Bomba la maji huku, bomba la maji machafu kule, waya zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, tena dari yenyewe fupi, mita 2.05 tu kutoka sakafuni. Kila niliyemwonyesha alisema piga siling bodi ufunge kila kitu umalize, lakini mi nikawaza siku bomba likivuja ndo nibomoe yote? Halafu nilivyokuwa nakaa humo naangalia juu, zile mbao zinazobeba sakafu zimepangwa kila baada ya sentimita 40, nikaona kabisa hayo ni mataruma, zile mbavu za jahazi, hapa nipo ndani ya ngama, tumbo lake la chini, bado boriti nzito na taa za njano tu.

Kwanza unyevu. Nilibandika kipande cha nailoni ukutani siku mbili nione kama kinatoa jasho kwa ndani, kikabaki kikavu. Mbao nazo nikazilaza humo humo wiki mbili kabla sijazikata, maana mbao ikija kuzoea hewa wakati umeshaifunga inapinda na viungo vinaachia.

Sasa hizo boriti si boriti, nisiwadanganye, ni maboksi matupu. Mbao tatu zimeungwa kama mfereji, kingo zimekatwa digrii 45 ili usione ubao mmoja unaishia wapi. Juu unafunga kipande cha mbao kwa skrubu ndefu, boksi linakivaa kama kofia, skrubu za ubavuni zinamaliza kazi. Nilitaka zishuke sentimita 15 zionekane nene kweli, nikatengeneza moja ya karatasi ngumu nikaibandika kujaribu, shemeji yangu mrefu akapita likamgonga paji la uso. Nikashuka hadi sentimita 9, anapita ila anachungulia.

Kuzeesha mbao ndo kulinipa raha kuliko yote. Unasugua kwa brashi ya waya kufuata nyuzi za mbao, ile sehemu laini inatoka mifereji inabaki, halafu unapaka chai nzito ya rangi, ikikauka unapaka siki iliyolala na stiliwaya ya kusugulia masufuria. Chai ina tanini, ile kitu inayoipa ukakasi, siki imekula chuma, vikikutana mbao inageuka kijivu unaiona kwa macho. Ubao wa kwanza sikupaka chai nikaambulia rangi kama ya kutu, kumbe mbao ya paini haina tanini ya kutosha. Na chombo cha siki usikifunge mfuniko, kinatoa gesi.

Taa zilinitesa. Nilianza kubandika ule ukanda wa LED chini ya boriti unaangalia sakafu, nikawasha, jamani, vidoti vidoti vinachoma macho, ngama ikawa disko. Nikauhamishia juu ya boriti uangalie dari, nao ukamulika mabomba yote niliyokuwa nayaficha! Hapo nikakaa chini nikafikiria vizuri. Nikapigilia mbao nyembamba kwenye zile nafasi zisizo na bomba na taa nikaweka hapo tu, ndani ya reli ya alumini yenye kava jeupe kama maziwa, na zile nafasi zenye mabomba nikapaka rangi nyeusi isiyong'aa, bomba, waya, kila kitu. Jicho linafuata mwanga, mabomba yapo wazi kabisa na hakuna mgeni anayeyaona.

Mwanga nimechukua wa 2700K, ule wa njano kama balbu za zamani, mweupe wa ofisi usijaribu. Ukanda wa kwanza ulikuwa wa volti 12, mita 10, mwishoni ukafifia kama betri imekwisha, nikabadilisha wa volti 24, nikaukata katikati na kila nusu nikailisha umeme kutoka mwisho wake. Piga hesabu ya wati pia, wangu unakula 14.4 kila mita, mita 5 ni wati 72, kwa hiyo adapta ni ya 100 kila upande, usiweke ya 75 ikashinda inachemka. Adapta zenyewe zipo mahali penye hewa na mkono unafika, na kuunga kwenye umeme wa nyumba nilimwachia fundi umeme, hapo sikujifanya mjuaji.

Boriti moja imepita chini ya koki ya maji, hiyo ubao wake wa chini umeshikwa na sumaku, unauvuta unatoka. Mpaka sasa nimeufungua mara mbili, ya kwanza kuonyesha watu, ya pili kutoa bisibisi niliyoisahau ndani.