Siku moja ya kuhesabu wanyama katika msitu wa kisiwani

Saa 11:30 alfajiri. Vifaa vinakaguliwa: dira, GPS, kipimaumbali cha leza, futi ya mita 50, fomu, na penseli badala ya kalamu, maana wino huyeyuka ukilowa. Mvua ikinyesha au upepo ukivuma kwa nguvu, kazi inaahirishwa. Wanyama hujibanza, majani hufunika sauti zao, na fomu hujaa sifuri za uongo.

Saa 12:30 asubuhi. Njia ya kuhesabia ina kilomita 3, imenyooka, na ilifyekwa siku kadhaa kabla. Ikifyekwa jana yake, mlio wa panga huwa umeshawafukuza paa. Natembea kilomita 1 kwa saa na kusimama kidogo kila mita 100. Nikiona kima, napima umbali kutoka njiani, kwa pembe mraba, hadi pale alipoonekana mara ya kwanza. Hapa ndipo wengi huharibu: wanaandika umbali kutoka waliposimama wao, au wanakadiria kwa macho, na namba zote zinarundikana kwenye 5, 10 na 20. Ili makadirio yaaminike, aina moja inatakiwa ionekane mara 60 hadi 80. Kwa paa mdogo mwoga, hiyo ni miezi ya kutembea.

Saa 4. Narudi kwa njia ile ile, ila sasa natafuta sababu za wanyama kupungua. Hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Naandika kila tanzi la waya, ganda la risasi, kisiki kipya, tanuri la mkaa na nyayo za mbwa, pamoja na umbali wake kutoka barabarani. Katika kisiwa cha Bioko, Guinea ya Ikweta, nyani na kima wamebaki wengi zaidi kusini, kwenye miteremko mikali ambayo wawindaji hawaifikii kirahisi. Msitu unaweza kuwa wa kijani kibichi na bado ukawa mtupu.

Saa 6 mchana. Kamera za kutegea, zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Kwa paa wadogo nazifunga sentimita 30 hadi 50 kutoka ardhini, bila chambo, zisielekee mashariki wala magharibi kwa sababu jua huziwasha ovyo. Jani moja linalopepea mbele ya lenzi humaliza betri kwa siku chache.

Saa 8. Chakula cha wanyama. Ndani ya duara la nusu kipenyo cha mita 10 napima kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi, kwenye kimo cha mita 1.3, na kuandika kama una matunda au majani machanga. Idadi kubwa ya wanyama nayo isitudanganye. Kandokando ya msitu wa Jozani, Unguja, kima punju (kima wekundu wa Zanzibar) wamesongamana mashambani, na sehemu ya msongamano huo ni wale waliokimbia misitu iliyokatwa. Ukihesabu hapo tu, utasema wanaongezeka.

Saa 10:30 jioni. Ramani. Bara, paa wakiisha bondeni, wengine huingia kutoka jirani. Kisiwani bahari haiwapitishi. Kisiwa kidogo hubeba wachache, na ukame mmoja au mnyama mgeni mmoja hutosha kuwamaliza. Bwawa la Chiew Larn, Thailand, lilipojazwa mwaka 1986 na 1987, vilima viligeuka visiwa. Miaka kama 25 baadaye, karibu mamalia wadogo wote wa asili walikuwa wametoweka visiwani humo, na panya mvamizi ndiye aliyetawala. Kwa hiyo panya, paka na mbwa wanaonaswa na kamera huandikwa kwa uangalifu ule ule kama paa.

Saa 2 usiku. Sehemu ya njia ile ile kwa tochi ya kichwani, kutafuta macho ya komba yanayong'aa. Mwendo unapungua hadi nusu. Macho pekee hayatoshi: bila kuona umbo au kusikia mlio, naandika “hajatambuliwa”.

Saa 4 usiku. Fomu zinanakiliwa usiku huu huu, mmoja akisoma na mwingine akiandika. Kesho mwandiko uliolowa hautasomeka.