Darasa la watu wazima limenikamata
Jamani lile darasa la Biblia la watu wazima nimelikwepa miaka, nikidhani ni la wazee na waliookoka juzi. Jumapili hii nikanaswa mlangoni, nikajibanza kiti cha nyuma kabisa. Kumbe wanasoma Filemoni, ile barua fupi ya mtume Paulo kwenye Biblia, sura 1 tu, mistari 25, nikajua dakika kumi tumemaliza 😂 wapi! Tukakwama mstari wa 18, pale Paulo anapomwambia Filemoni kama Onesimo, yule mtumwa wake, ana deni kwako nidai mimi, mama mmoja akafunga Biblia akasema polepole, mimi kuna ndugu yangu ananidai msamaha mwaka wa sita huu. Kimya. Hakuna aliyemhubiria, tulikaa naye tu mpaka kengele ya ibada ikalia, mwalimu hata mstari wa 19 hakuufikia.