Kukizunguka Kisiwa cha Lamu kwa Miguu: Saa za Maji Kwanza

Mgeni anayetaka kukizunguka kisiwa cha Lamu kwa miguu huuliza kwanza ni kilomita ngapi. Afadhali aulize mwezi una siku ngapi leo. Upande wa kusini wa kisiwa ni ufuo mtupu wa kilomita 12 hivi. Maji yakiwa yamekupwa, ufuo huo ni barabara pana iliyoshindiliwa. Maji yakijaa unabaki na ukanda wa mchanga tifutifu chini ya vilima, na kila hatua inarudi nusu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama, na vilevile unapokuwa mpevu, maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50. Siku nne baada ya mwandamo, maji yaliyokuwa yakipwa saa nne asubuhi yatapwa saa saba na dakika 20 mchana. Ikifika siku ya saba au ya nane ni maji mafu na mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, saa kumi yamekupwa. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3. Wakati wa maji mafu ni kama mita moja tu. Usipoiamini hesabu yako, shuka gatini jioni umuulize nahodha yeyote. Atakujibu bila kutazama saa.

Sisi tulichagua siku mwezi ulipokuwa na siku 13. Maji yalikuwa yapwe kabisa saa tatu na kitu asubuhi, maana yake tungeingia ufuoni yakishuka, tuwe katikati ya njia yakiwa chini kabisa, na tuumalize ufuo kabla hayajapanda sana. Siku moja au mbili kabla ya mwandamo au mpevu ndiyo ratiba nzuri kuliko zote, kwa sababu pia inakutoa ufuoni kabla ya jua la utosini.

Saa kumi na mbili kamili asubuhi tulikuwa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Kila mtu alibeba lita 4 za maji, katika chupa za lita moja na nusu na nyingine ndogo. Dumu moja la lita 5 linaonekana rahisi zaidi, lakini likipungua maji huanza kusukasuka na kukuvuta bega kila hatua. Mgawo wetu ulikuwa lita 2 za ufuoni, moja ya kutoka kijiji cha Kipungani hadi kijiji cha Matondoni, na moja ya akiba isiyoguswa. Kati ya Shela, unakoanzia ufuo, na Kipungani hakuna duka, kisima wala kivuli. Chakula kilikuwa mikate ya mofa iliyonunuliwa bado moto, mayai ya kuchemsha, tende, na chumvi kidogo kwenye karatasi. Chumvi hiyo watu huisahau, kisha saa sita wanashangaa kichwa kinagonga na hali wamekunywa maji ya kutosha.

Kutoka Mkunguni kwenda Shela ni kama kilomita 3, dakika 45 kwa mwendo wa kawaida. Unafuata pwani kuelekea kusini, mji unabaki nyuma, unapita hospitali, kisha mkondo wa bahari unakuwa kushotoni kwako na kisiwa cha Manda ng'ambo. Maji yakiwa juu, sehemu za njia hii hufunikwa, na hapo ndipo utakapowaona watu wameshika viatu mkononi, suruali zimekunjwa hadi magotini. Ukikuta hali hiyo, rudi ufuate njia ya ndani inayopita mashambani. Ni ndefu kidogo na ina mchanga, lakini haikulowanishi viatu, na kiatu kilicholowa maji ya chumvi asubuhi ni lengelenge la mchana. Ndani ya mji, punda ana haki ya njia. Akija na mzigo wa mawe au mchanga, geuka ubandike mgongo ukutani na umwache apite. Yeye hajui kukukwepa.

Shela tulisimama dakika kumi tu kujaza chupa. Pana msikiti wa Ijumaa wa mwaka 1829 wenye mnara unaoonekana toka mbali, na huo ndio alama nzuri kwa anayerudi kutoka ufuoni jioni. Mbele ya mji huu palipiganwa Vita vya Shela, mnamo 1812 au karibu na hapo. Jeshi la kisiwa cha Pate pamoja na Wamazrui, watawala wa Mombasa, lilishuka hapa kuipiga Lamu. Lilipozidiwa, likakimbilia vyombo vyake na kuvikuta vimekaa kitako mchangani, maji yamekupwa. Waamu, yaani watu wa Lamu, waliwamaliza papo hapo, na mifupa ilikaa miaka mingi ikifukuka vilimani. Baada ya ushindi huo Lamu ilimwelekea Sayyid Said, mtawala wa Oman, na ngome ikamalizika 1821. Watu wa Mombasa na Pate walikuwa mabaharia kuliko sisi sote, na bado saa za maji ziliwaponza.

Ukitoka Shela, ufuo unapinda kulia na bahari kuu inafunguka. Hapa tulivua viatu, lakini kwa nusu saa tu. Mchanga wenye majimaji ni laini kwa muda, halafu huanza kusugua nyayo kama msasa, na anayetembea peku kilomita zote 12 hufika Kipungani akichechemea. Viatu vinavyofaa ni vya mpira vya kufunga, vilivyokwisha kuzoeana na mguu, na soksi mbili: moja ya kuvaa, nyingine kavu mfukoni. Kandambili zinatupa mchanga mgongoni na kukatika mkanda mahali pasipo fundi.

Namna ya kuchagua pa kukanyaga inafaa kuelezwa polepole, maana ndiyo inayokupa saa nzima zaidi au kukunyang'anya. Ufuo una mikanda mitatu. Wa juu ni mkavu, mweupe, wenye mashimo ya kaa: huo usiukaribie, mguu unazama hadi kifundoni. Wa chini kabisa, ambapo wimbi limetoka sasa hivi na mchanga unang'aa kama kioo, unaonekana mgumu lakini bado umejaa maji, na kisigino kinadidimia. Katikati pana mkanda uliokoza rangi lakini usiong'aa. Huo ndio wako. Kipimo ni alama ya kiatu: ukitazama nyuma ukaona umbo lote la soli limechorwa bila shimo la kisigino, uko pazuri. Maji yanapoendelea kushuka mkanda huo nao hushuka, kwa hiyo unahama nao kidogo kidogo kila baada ya dakika chache.

Kuna shida nyingine ambayo haionekani mpaka ikuume. Ufuo una mteremko kuelekea baharini, na ukielekea magharibi bahari iko kushotoni. Mguu wa kushoto unakanyaga chini kuliko wa kulia kwa saa tatu mfululizo. Kwanza inauma nyonga, kisha goti kwa upande wa nje. Dawa ni kushuka chini zaidi maji yanapokuwa yamekupwa kabisa, kwa sababu huko ndiko panapolala tambarare. Tulipofika nusu ya njia, karibu saa tatu, tulitembea huko chini kwa zaidi ya nusu saa na miguu ikapumua.

Vilima vya mchanga vilivyo kulia vinavutia kupanda, na picha zake ni nzuri, sikatai. Lakini vilima hivyo ndivyo chujio na tangi la maji ya kisiwa. Mvua hupenya mchangani, ikakaa chini juu ya maji ya chumvi, na visima vya upande wa Shela vinavyonywesha mji wa Lamu hutegemea hapo. Majani na mitambazi iliyoshika mchanga ikivunjwa na nyayo, upepo unafumua kilima. Ukitaka kupumzika, kaa chini ya kilima upande usio na upepo, juu usipande.

Kuhusu kuoga baharini, jihadhari. Karibu na Shela maji yanaonekana mapole, lakini mlango wa bahari una mkondo mkali maji yanapotoka. Mbele zaidi mawimbi yanapiga ufuo moja kwa moja, hasa wakati wa kusi. Tuliingia hadi magotini, tukajimwagia, tukatoka. Mtu akichukuliwa hapo hakuna wa kumwita.

Upepo nao ni wa kuhesabu. Wakati wa kusi unakupiga ubavu wa kushoto na kukurushia mchanga kwenye miundi, ila unakupoza. Wakati wa kaskazi unakusukuma kwa nyuma, na hilo ni jema kwa mwendo lakini baya kwa joto, maana unatembea pamoja na upepo na huusikii mwilini. Miezi hiyo, Desemba hadi Machi, ongeza lita moja ya maji. Masika, Aprili hadi Juni, njia za ndani hugeuka madimbwi. Mimi kama ningepangiwa kuchagua, ningesema Agosti au Septemba.

Saa tano kasorobo tulikuwa mwisho wa ufuo. Utaujua kwa mambo mawili: wimbi linapoteza nguvu, na mikoko inaanza kuonekana mbele. Usijaribu kukata moja kwa moja kwenye tope la mikoko eti unafupisha. Ingia ndani kulia, tafuta njia ya punda, uifuate hadi kijijini Kipungani. Ukiona minazi mingi pamoja, uko karibu.

Kipungani ni kijiji kidogo, na mgeni anaonekana toka mbali. Kabla ya kufika, wanaume tulivaa mashati na wanawake wakajifunga kanga juu ya suruali. Wazee waliokuwa barazani tuliwaamkia kwanza: "Sabalkheri wazee wetu." Wakaitikia, wakatuuliza tumetoka wapi na kwa nini hatukupanda chombo, swali la haki kabisa. Hapa madafu hupatikana, na wanawake husuka mikeka na vikapu vya miyaa, wakiuza wenyewe. Ukitaka kununua mkeka, chagua utakaokunjika, kwa sababu utaubeba saa nne nyingine.

Tulipumzika mpaka saa saba kasoro. Kuondoka saa tano au sita ni kosa linalowakuta wengi: ufuoni kulikuwa na upepo, mashambani hakuna, na mchanga wa njia umeshika moto. Asiyejiweza hapa ndipo pa kuamua. Unaweza kupanda bodaboda, au kukodi mashua ikurudishe Lamu kwa njia ya maji ya ndani. Patana bei kabla ya kukaa, na uliza kama maji yanatosha kupita; chombo kikikwama kwenye fungu, utasubiri maji yapande.

Kutoka Kipungani kwenda Matondoni tulitumia saa moja na nusu. Njia hupita chini ya minazi na miembe na hugawanyika mara nyingi. Kanuni ni kuiacha mikoko kushotoni, karibu kiasi cha kuiona au kuisikia harufu. Ukikuta njia panda, tazama chini: njia ya kijiji hadi kijiji ina alama za kwato na tairi za kwenda na kurudi, na ile ya shambani ina za mtu mmoja mmoja na inaishia kwenye ua wa miti. Tulipotea mara moja tu, dakika 20, kwa kufuata njia pana kuliko nyingine. Upana wake ulitokana na ng'ombe.

Matondoni ni kwa mafundi wa vyombo. Chini ya makuti palikuwa na jahazi limeegemezwa kwa magogo, na fundi mmoja alikuwa akikalafati ubavu. Anachukua uzi mnene wa pamba uliolowekwa mafuta, anaulaza kwenye mwanya kati ya mbao mbili, kisha anausindika kwa patasi butu na nyundo ya mbao, pigo baada ya pigo, akisogea upana wa kidole. Anajua kwa sauti: pamba ikiwa bado haijashiba, pigo linatoa mlio mzito, ikishiba, mlio unakuwa mkavu naye anasogea. Chini ya mkuku walikuwa wameshapaka deheni, shahamu iliyochanganywa na chokaa, isiliwe na wadudu wa baharini. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usiruke juu ya mbao zilizolazwa chini. Zimepangwa kwa mpango.

Kipande cha mwisho, Matondoni hadi mjini, ni karibu saa mbili. Hakina uzuri mwingi, na bodaboda hupita kwa kasi, basi tembea pembeni na usizibe masikio kwa muziki. Mchanga wake ni mzito, na baada ya safari yote ile hapa ndipo viatu hujaa. Simameni mara mbili mkung'ute. Punje chache chini ya kidole gumba hutosha kukuchuna ngozi kabla hujafika.

Tulitokea nyuma ya mji saa kumi na moja na robo, tukashuka kwa vichochoro hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kurudi Mkunguni. Jumla ni saa kumi na moja na dakika zake za barabara; ukiondoa mapumziko, saa nane na kitu za kutembea. Asiyetaka yote afanye nusu: atoke Shela saa moja asubuhi maji yakishuka, atembee saa moja na nusu, ageuke bila kujali amefika wapi, arudi. Alama ya kugeuka isiwe kilima wala kichaka, iwe saa, na ikiwa bamvua limepita kwa siku tatu au nne, asitoke asubuhi kabisa. Asubiri maji yashuke mchana.