Cornwall: pembe ya wageni ambao kumbe ndo wenyeji

Jana nilipanda basi toka mji wa Plymouth, Uingereza, kwenda mkoa jirani wa Cornwall, tumevuka tu daraja la mto Tamar naona kibao kimeandikwa Kernow a'gas dynergh, moyo ukapiga paa, nikajua nimedandia basi la Wales, nchi jirani yenye lugha yake. Mzee wa kiti cha pembeni akacheka sana, akaniambia tulia kijana, hicho ni Kikornwall, maana yake Cornwall inakukaribisha, Kernow ndo jina letu wenyewe.

Basi usiku sikulala, simu mkononi, nachimba. Kern- (ndo hiyohiyo Corn- ya Cornwall) inatokana na neno la kale la pembe, na ukiangalia ramani unaelewa fasta, kipande cha nchi kimechongoka kimechomoza baharini huko kusini magharibi mwa Uingereza, kama sisi tunavyosema Pembe ya Afrika. Kwa Kiswahili inanoga zaidi maana watu wa pembe wako pembeni kweli, toka London ni masaa matano kwa treni hadi Penzance.

Sasa ile -wall, mimi miaka yote nilidhani ni ukuta. Wapi! Ni wealas, neno la Waanglo-Saksoni (mababu wa Waingereza), yaani wageni, na ndo hilohilo lililozaa jina la Wales. Yani hebu fikiria, hao Waanglo-Saksoni wenyewe walivuka bahari karne ya 5 hivi kutoka pande za Ujerumani na Denmark, wakawakuta watu na lugha yao na mashamba yao, halafu wao ndo wakawaita wenye nchi wageni, na jina likaganda mpaka leo kwenye ramani. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, huku mwenyeji kapewa ugeni mlangoni kwake. Mimi ninayeulizwa kila wiki "kwenu wapi hasa" nilicheka peke yangu kitandani.

Na lugha nayo ilikaribia kuzikwa. Dolly Pentreath wa kijiji cha Mousehole, aliyefariki 1777, ndo hutajwa sana kama wa mwisho kuizungumza toka utotoni, ila 1904 Henry Jenner akatoa kitabu cha kuifundisha na watu wakaanza kuifufua taratibu.

Leo asubuhi nikajaribu dydh da, yaani siku njema, kwa dada anayeuza pasti (sambusa kubwa ya kuoka, shibe mpaka jioni). Kanisahihisha mara mbili, ya tatu akakata tamaa akanipa chenji yangu.