Paipu Iliyoonekana Kuzama

Nimefanya kazi ya mabomba hapa Kisumu miaka 19, na miaka yote hiyo nimetafuta paipu ndani ya ukuta kwa tindo, nyundo na kukisia. Nyumba nyingi hazina ramani. Aliyejenga ameshahama au amefariki, na plasta imefunika kila kitu. Kuna siku huko Kondele nilikuwa natafuta paipu ya maji, msaidizi wangu akapiga tindo kwenye waya wa umeme uliopitishwa mshazari, mahali ambapo waya hautarajiwi kabisa. Umeme ulimtupa chini. Alipona, lakini sijasahau alivyokuwa anatetemeka mikono.

Kwa hivyo rafiki yangu wa Nakuru, ambaye kazi yake ni kukagua zege kabla halijatobolewa, alipopita huku na rada yake, kifaa kinachotuma mawimbi ya redio ukutani na kupokea mwangwi wake, nilimwomba tuende naye Milimani kwa Mwalimu mmoja mstaafu. Bili yake ya maji ilikuwa imepanda miezi mitatu mfululizo na ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa baridi ukiugusa.

"Fundi, mtanibomolea ukuta wote?"

"Hapana, Mwalimu. Leo tunatazama kwanza."

Kifaa chenyewe kina ukubwa wa pasi ya makaa, na magurudumu manne ya kukisukuma ukutani. Nilidhani nitaona paipu kama mfupa kwenye eksirei. Wapi! Skrini ilijaa mistari ya kijivu, na katikati yake upinde mmoja mweupe, kama unyusi. Antena huanza kupokea mwangwi wa paipu kabla haijaifikia, ikiwa bado mbali. Ikifika juu yake umbali unakuwa mfupi kabisa, kisha unarefuka tena. Ndiyo maana ule upinde. Kilele chake ndicho mahali pa paipu. Na chuma hurudisha karibu wimbi lote la redio, kwa hivyo upinde wake hung'aa.

Tulipita ukutani kila baada ya sentimita 20, nikitia alama kwa chaki. Kina kilisoma sentimita 5. Tena 5. Tena 5. Halafu 6, halafu 8, na upinde ukaanza kufifia. Nikasema aliyeweka paipu aliipinda. Rafiki yangu akasimamisha kifaa, akarudi nyuma, akapita tena polepole.

"Haijapinda," akasema. "Hapa pana maji."

Rada haipimi kina, inapima muda: wimbi limeenda na kurudi kwa muda gani. Hewani wimbi hupita sentimita 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwenye zege kavu kama 12, na ndani ya maji 3 na kidogo tu. Mashine ilikuwa imewekewa mwendo wa ukuta mkavu. Wimbi lilipocheleweshwa na unyevu, ikaamini paipu imezama. Mjerumani Christian Hülsmeyer alipopata hataza ya kifaa chake cha mawimbi ya redio, mtangulizi wa rada, mwaka wa 1904, alitaka kugundua meli gizani na kwenye ukungu. Nami nikafikiria wavuvi wetu ziwani alfajiri.

Tulifungua tundu la ukubwa wa sahani. Elbo, kile kiungo cha kona cha paipu, ilikuwa imeliwa na kutu, na maji yakichuruzika kama uzi kupitia kitundu ambacho sindano ingekiziba. Nikaweka tepu: sentimita 5 kamili.

Si kila kitu huonekana. Paipu tupu ya plastiki ilitoa upinde hafifu sana, na ukuta uliolowa kabisa humeza wimbi lote. Lakini kwa waya na chuma, mimi sitaki tena kutanguliza tindo.

Kabla hatujaondoka Mwalimu alituomba tupitishe rada kuta za jikoni na bafu pia. Akachukua daftari la mistari, akachora mwenyewe kila paipu na vipimo vyake, akaitoa karatasi ile na kuitia kwenye bahasha ya hati ya nyumba.