Mdomo kuvimba miezi minane, kumbe ni mdalasini

Mie niko Lamu, Langoni, na huu mdomo wa juu ulinitesa yani. Naamka umefura kama nimepigwa ngumi, pembeni umepasuka, kisha unashuka kidogo nasema afadhali, mara huo tena. Mamangu akasema ni kijicho. Nikameza vidonge vya aleji, nikapaka mafuta ya nazi, wapi!

Daktari wa meno kule Malindi ndo aliniuliza, wanywa nini na wapigia mswaki nini? Nikamwambia chai ya mdalasini asubuhi na jioni, soda ya machungwa mchana, na dawa ya meno nyekundu ile inayowasha. Akacheka. Akasema mdalasini na benzoeti, zile zenye namba E210 mpaka E219 kwa vibandiko, wanazotia kwa soda na sosi zisiharibike, huwavimbisha midomo watu wengine, na uvimbe waeza kuchelewa masaa mengi ndo maana hushtukii. Akaniuliza na habari za tumbo, manake mdomo kama huu mara nyingine huandamana na ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba muda mrefu. Langu zima alhamdulillahi.

Basi wiki 12 nikaacha vyote. Kazi ilikuwa harusini, pilau yote ina mdalasini, shangazi akanuna ati najidai. Nyumbani chai ikawa ya iliki na tangawizi tu, dukani nasoma vibandiko mpaka mwenye duka ananiangalia vibaya. Wiki ya tano mdomo ukalainika. Baadaye nikarudisha kimoja kimoja, soda haikunifanya kitu, lakini kikombe kimoja cha mdalasini jioni, asubuhi ngumi ile ile.